Zakayo Hakulipa kwa Mfuko wa Yeriko

Mtu aliyedhulumiwa na komini, yaani serikali ya mtaa, ana haki ya kudai mangapi kwa mpigo mmoja? Arudishiwe fedha yake, sawa. Na riba je? Na fidia ya hasara? Na fidia ya jina lililochafuliwa? Na kazi nayo arudishiwe aimalize? Makandarasi wadogo wa Kisangani hunijia na swali hili wakiwa na faili kwapani, na kwa kawaida mimi hulijibu kwa kufungua kitabu na kutaja kifungu. Siku hizi jibu hilo halinitoshi. Kazi yangu ni kutetea watu mahakamani. Ofisi yangu ni chumba kimoja hapa Makiso, upande wa soko kuu, na Jumapili nikipangiwa zamu nasoma somo katika Kanisa Kuu la Mama Yetu wa Rozari, lile linaloangalia mto. Ninayoyasoma Jumapili na ninayoyaandika Jumatatu yanamhusu mtu yuleyule mwenye faili kwapani, na sioni kwa nini asijibiwe na yote mawili.

Nimchukue mmoja wao. Mtaani wanamwita Papa Fundi, nami namwita hivyohivyo. Komini moja ya mji wetu ilimpa kazi ya kujenga mfereji wa maji ya mvua kando ya barabara ya udongo: mawe, mchanga, saruji, na vifuniko vya zege mahali pa kuvukia. Mkataba ulikuwa halali, una sahihi na mihuri yote. Alipewa malipo ya awali, akaanza kwa nguvu, akavuka nusu ya kazi, kisha saruji ikakatika. Anayeijua Kisangani haulizi kwa nini. Saruji yetu ama hupanda mto kutoka Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,700 za maji, ama huja kwa lori kutoka upande wa Uganda kwa Barabara ya Taifa namba 4, kupitia Komanda, Nia-Nia na Bafwasende. Mto ukipungua, mashua hukwama kwenye fungu la mchanga. Mvua zikirudi, malori hulala matopeni. Yeye yalimpata yote mawili, moja baada ya jingine.

Komini haikumngoja. Kwanza ikamkata faini ya kuchelewa, ya kila siku. Kisha ikaishika dhamana yake ya utekelezaji. Kisha ikavunja mkataba na kumpa mtu mwingine kipande kilichobaki. Mwishowe ikamwandikia arudishe sehemu ya malipo ya awali. Na kwa kazi aliyokwisha kuifanya, ambayo maji ya mvua yanapita ndani yake hata leo, haikumwongezea hata franka moja.

Nilikwenda kuuona mfereji wenyewe. Mahali alipoishia yeye na alipoanzia mwenzake panaonekana bila kuelekezwa. Mawe yake yamepandana vizuri, kila kiungo kimefunikwa na jiwe la juu yake, na saruji imesuguliwa ikalainika. Baada ya hapo mawe yamekaa kama yalivyomwagwa, na lipu imekwisha kuanza kubanduka. Juu ya kifuniko kimoja cha zege mama mmoja alikuwa ameweka ubao wake, anauza samaki wa kukausha na kwanga, mkate wa muhogo. Nikamwuliza kama maji bado yanaingia majumbani. Akasema upande huu hapana, upande ule ndiyo, akanionyesha kwa kidevu. Kwenye ubao, chini ya kijiwe, alikuwa ameweka tiketi ya kodi ya meza ya siku ile, ili upepo usiichukue na mkusanyaji asimtoze mara ya pili.

Tiketi ile sijaisahau, kwa sababu fedha atakayolipwa Papa Fundi, kama atalipwa, ndimo itakamotoka.

Orodha ya madai yake aliileta kwenye karatasi ya daftari la miraba. Alidai thamani ya kazi iliyofanyika, riba, dhamana irudi, faida ambayo angeipata kama angemaliza, fidia ya kuaibishwa, na juu ya hayo yote mkataba urudishwe ili yeye ndiye aumalize mfereji. Nilipomtazama akasema, “Mama, wao walichukua vyote. Mimi pia nataka vyote.”

Kilio hicho kina haki ndani yake, na anayekipuuza hajawahi kusimama mbele ya mafundi wanaodai mshahara wao huku mfukoni hana kitu. Lakini ndani ya kilio kimoja mna mambo kadhaa, na lazima yatenganishwe.

Kwa wenzetu wa Kenya, Uganda na Tanzania, waliorithi sheria ya Kiingereza, si ajabu kukuta katika mkataba kifungu kinachosema kwamba nafuu zote hujumlishwa, yaani kuitumia moja hakumzuii mwenye haki kutumia nyingine. Sisi tuliorithi sheria ya Wabelgiji bado tunaishi na Dekreti ya 30 Julai 1888 kuhusu mikataba. Kifungu chake cha 33 kinasema makubaliano halali ni sheria kwa waliokubaliana. Kifungu cha 82 kinamweka aliyetendewa vibaya kwenye njia panda: ama amlazimishe mwenzake kutimiza, ama aombe mkataba uvunjwe pamoja na fidia. Juu ya hiyo ipo Sheria namba 10/010 ya 27 Aprili 2010 kuhusu mikataba ya umma, inayozibana hata komini, kwa kuwa komini ni mamlaka ya umma yenye mfuko wake.

Wateja wangu huiona njia panda hiyo kuwa adhabu ya pili. Kwa nini aliyedhulumiwa achague, wakati aliyemdhulumu hakuchagua? Jibu ninalowapa ni hili. Anayeomba mkataba utimizwe anasema mkataba uko hai. Anayeomba uvunjwe anasema umekufa. Hakimu akimpa yote mawili, hukumu yake ina uongo ndani yake, maana imekiri jambo na kulikana katika ukurasa mmoja. Kuna nafuu zinazokanushana, na hizo haziwezi kukaa pamoja hata zikiandikiwa kifungu kirefu namna gani. Papa Fundi hawezi kudai faida ya kazi aliyonyang'anywa na kudai pia arudishiwe kazi hiyohiyo aipatie faida.

Halafu kuna zile zisizokanushana. Bei ya kazi iliyofanyika ni jeraha moja. Muda fedha hiyo ilipokaa mikononi mwa wengine, huku yeye akikopa kwa riba sokoni, ni jeraha la pili. Dhamana iliyoshikwa bila haki ni la tatu. Haya yanajumlishwa, na yanastahili kujumlishwa, kwa sababu kila moja linaumia mahali pake. Watunzi wa Sheria ya Kiraia ya Ufaransa ya 1804 waliliona vizuri walipoandika kifungu cha 1229: mdai asidai kwa pamoja jambo lenyewe na faini ya kutolitimiza, isipokuwa faini hiyo iwe iliwekwa kwa ajili ya kuchelewa tu. Kuchelewa ni jeraha jingine, linalipwa kando. Kutotimiza ni jeraha lilelile, halilipwi mara mbili.

Kwa kipimo hicho komini ndiyo iliyokosea kwanza. Faini ya kila siku ilikuwa ya kuchelewa, vema, kama kuchelewa kulikuwa kosa lake wala si la mto. Lakini dhamana iliyoshikwa ilishikwa kwa sababu gani? Barua ya komini inasema kwa sababu ya kuchelewa. Na sehemu ya malipo ya awali inadaiwa kwa sababu gani? Barua inasema kwa sababu ya kuchelewa. Jeraha moja lililipiwa mara tatu, na aliyelipa ana watoto shuleni.

Hadi hapo naweza kwenda na sheria peke yake. Papa Fundi aliniuliza swali la kunitoa humo. “Nikidai halali yangu tu, wao wanapoteza nini? Wangenilipa mwaka ule wangelipa hizohizo. Basi dhuluma ni mkopo?” Nilikaa kimya. Ni swali zito kuliko mengi niliyoulizwa mahakamani. Ikiwa mwenye kudhulumu harudishi zaidi ya alichochukua pamoja na riba kidogo, basi ameitumia fedha ya maskini kwa bei ya benki, na bado anaitwa mheshimiwa. Nafsi inasema lazima kuwe na kitu cha ziada. Na kinachomsukuma mtu kudai kila nafuu iliyopo ni huko kutafuta kitu cha ziada, hata kama yeye mwenyewe anakiita haki.

Tomaso wa Akwino alilishughulikia jambo hili katika Summa, sehemu ya pili ya sehemu ya pili, swali la 62, anapozungumzia urudishaji. Aliuliza kama inatosha kurudisha kilekile kilichochukuliwa. Akajibu kwa kutenga mambo mawili yaliyofungwa pamoja katika tendo moja la dhuluma. La kwanza ni ukosefu wa usawa: huyu ana kilicho cha yule, na hilo huponywa kwa kurudisha. La pili ni hatia, ubaya wa tendo lenyewe, na hilo huponywa kwa adhabu, ambayo ni kazi ya hakimu kuitoa. Kabla hakimu hajahukumu, mkosaji hafungwi kurudisha zaidi ya alichochukua. Nikilisoma hilo nikiwa na faili la Papa Fundi mbele yangu, naona kwamba mkataba unaompa mmoja wa wenye mkataba ruhusa ya kurudishiwa na pia kuadhibu umempa kiti kisicho chake. Komini ilikalia kiti hicho. Papa Fundi anataka zamu yake ya kukikalia.

Mji wetu una sababu ya kulifikiria hili kwa uchungu. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana hapa, katika nyumba zetu, kwa vita isiyokuwa yetu. Nilikuwa mjini. Mtaani kwetu watu walizikwa uani kwa sababu hapakuwa na njia ya kufika makaburini. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague iliona kwamba Uganda ilivunja sheria na inawiwa fidia. Rwanda haikuwa imekubali mamlaka ya mahakama hiyo, na kesi dhidi yake ilikwama Februari 2006. Miaka ikapita. Tarehe 9 Februari 2022 hesabu ikatoka: Kongo ilikuwa imeomba zaidi ya dola bilioni 11, mahakama ikatoa milioni 325. Milioni 225 kwa ajili ya watu, 40 kwa ajili ya mali, 60 kwa ajili ya utajiri wa asili, zilipwe kwa mafungu 5 ya milioni 65 kila mwaka kuanzia Septemba 2022, na fungu likichelewa liongezwe riba ya asilimia 6.

Watu wengi wa Kisangani waliona wametukanwa na tarakimu hiyo, na sitawaambia walikosea kuumia. Lakini niliisoma hukumu nikitafuta mambo mawili, nikayakuta. Mahakama ilisema wazi kwamba fidia ni ya kufidia, isiwe na sura ya adhabu. Na Kongo ilipoomba dola milioni 100 za ziada kwa ajili ya maumivu ya taifa, yasiyo ya mali, mahakama ilikataa. Maumivu ya watu, ilisema, yamo tayari ndani ya fedha zilizotolewa kwa madhara mbalimbali. Kila jeraha mara moja. Kanuni ninayomwambia Papa Fundi kuhusu mfereji wake ndiyo waliyoambiwa wajane wa vita ile ya siku sita kuhusu wafu wao, na nikiwa mmoja wa waliozika, nakiri inauma zaidi pale. Lililonifanya nisiitupe ni kujiuliza nani angelipa zile bilioni 11. Majenerali? Angezilipa mkulima wa Kasese na mwuza ndizi wa Mbale, kule Uganda, kwa kodi, miaka na miaka, ambao hawakuwahi kurusha kombora lolote juu ya Makiso.

Mdaiwa akiwa mtu mmoja, mfuko wake ndio yeye. Mdaiwa akiwa komini, mfuko ni wa watu wengine. Na hata mfuko wenyewe haujai. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 175, inazipa mikoa asilimia 40 ya mapato ya taifa, na sheria zinazoifuata zinazipa komini na sekta asilimia 40 ya fungu hilo la mkoa. Anayefanya kazi katika ofisi za komini anajua namna fedha hizo zinavyosubiriwa. Komini ya Papa Fundi ni mdaiwa wake, nayo yenyewe ni mdai anayesubiri Kinshasa.

Torati ililiwaza jambo hili kwa lugha ya nyumbani. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, inakataza mdai kuchukua rehani jiwe la kusagia, kwa sababu atakuwa amechukua uhai wa mtu. Inamkataza pia kuingia ndani ya nyumba ya mdaiwa kujichagulia rehani. Asimame nje, aletewe. Sheria ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja ya biashara, ambao Kongo iliingia mwaka 2012, imefanya jambo linalofanana na hilo kwa mamlaka za umma: kifungu cha 30 cha sheria yake kuhusu utekelezaji wa hukumu kinazikinga zisikamatiwe mali. Kenya nayo, katika Sheria ya Mashauri ya Serikali, sura ya 40, hairuhusu mwenye hukumu kukamata gari la serikali. Aende akaombe amri ya kumlazimisha afisa kulipa. Watu husema kinga hizi ni ngao ya wakubwa, na mara nyingi ndivyo zinavyotumiwa. Hata hivyo, lori pekee la taka la komini likikamatwa kwa ajili ya deni la mfereji, anayebaki na taka mlangoni ni yule mama wa kwanga.

Jirani yangu, mzee wa msikitini, maana Uislamu una umri mrefu hapa tangu siku za Tippu Tip, alinikumbusha kwamba Kurani, katika sura ya Al-Baqara, aya ya 279 na 280, inampa mdai rasilimali yake bila kudhulumu wala kudhulumiwa, kisha inamtaka amsubiri mdaiwa aliye katika dhiki mpaka apate nafasi. Niliipenda ile ya kutodhulumu wala kudhulumiwa kuwekwa pamoja. Nikamwuliza, na mdaiwa anayejifanya yuko katika dhiki? Akasema huyo ana hesabu nyingine.

Hesabu hiyo nyingine ndiyo ninayoitafuta. Mambo ya Walawi, sura ya 6, inaagiza aliyedhulumu arudishe kitu chenyewe, aongeze sehemu ya tano, ampe mwenyewe; na zaidi ya hapo alete kondoo dume kwa kuhani, sadaka ya hatia. Ni nafuu tatu kwa kosa moja, zimejumlishwa kabisa, lakini haziendi mahali pamoja. Kitu na nyongeza vinakwenda kwa aliyedhulumiwa. Kondoo haendi kwake. Hatia inalipiwa mbele ya Mungu, na aliyeibiwa haondoki na nyama.

Mtu atanijibu kwa Kutoka, sura ya 22, na ana haki: mwizi wa ng'ombe aliyemchinja au kumwuza alipe ng'ombe watano, wa kondoo alipe wanne, na wote wanakwenda kwa mwenye mifugo. Hapo adhabu iko mkononi mwa aliyeibiwa. Nimehangaika na andiko hilo, maana linampa Papa Fundi nguvu. Kilichonifungua macho ni mtu aliyelitumia karne nyingi baadaye, Zakayo wa Luka 19. Huyu hakuwa mwizi wa zizi. Alikuwa mkuu wa watoza ushuru wa Yeriko, mtu wa mapato ya umma, mwenye mihuri ya siku zake. Alipoguswa moyo akasimama akasema atawapa maskini nusu ya mali yake, na kama amemtoza mtu kwa hila atamrudishia mara nne. Tumelihubiri andiko hili mara nyingi, tukamtazama Zakayo juu ya mkuyu, tukasahau kutazama fedha inatoka wapi. Inatoka katika mali yake. Hakusema Yeriko italipa mara nne. Hakuandika hati ya malipo kwa hazina ya ushuru ili waliotozwa kwa hila walipiwe kwa ushuru wa wale ambao bado wanatozwa. Mara nne ilikuwa ya haki kwa sababu aliyekosa na aliyelipa walikuwa mtu mmoja.

Hapo ndipo nilipopata la kumjibu Papa Fundi. Dhuluma si mkopo, na kitu cha ziada kipo, ila kinadaiwa kwa mtu mwingine. Komini irudishe kilicho chake na ilipe muda. Adhabu imfuate aliyetia sahihi barua tatu kwa jeraha moja, aliyejua kwamba fedha ya mfereji imekwisha kwenda kwingine, na imfuate mfukoni mwake yeye. Nchi yetu ina chombo kwa ajili hiyo. Sheria namba 18/024 ya 13 Novemba 2018 inaipa Mahakama ya Hesabu uwezo wa kuwatoza faini wasimamizi wa fedha za umma kwa makosa ya usimamizi. Chombo hiki kinatumiwa kidogo mno, na sisi wanasheria tuna sehemu yetu ya lawama, kwa sababu mteja hapati kitu kutoka huko, nasi ada yetu inatoka kwa mteja.

Kwamba jambo linawezekana tumeliona hivi karibuni kwa mkataba uliouhusu mji huu huu. Tarehe 2 Septemba 2025 Mahakama ya Kasasheni ilimhukumu Constant Mutamba, aliyekuwa waziri wa sheria, miaka 3 ya kazi za kulazimishwa, kwa ajili ya takriban dola milioni 19 za mkataba wa kujenga gereza Kisangani. Na baada ya kifungo, miaka 5 bila haki ya kuchagua wala kuchaguliwa. Yeye alikana mashtaka yote, na watu wanabishana kuhusu siasa ya kesi hiyo. Mimi nataja umbo lake tu: adhabu ilimwangukia mtu, haikuukata mfuko wa mji. Na natambua upungufu wake pia. Gereza ambalo Kisangani ililihitaji halikupatikana katika hukumu, kwa sababu adhabu haijengi kitu. Ndiyo maana sitaki adhabu ichukue nafasi ya urudishaji, wala urudishaji uvae nguo ya adhabu.

Tukaketi upya na karatasi ya miraba. Bei ya kazi iliyofanyika ilibaki, ipimwe mita kwa mita na mtaalamu wa pande zote mbili. Riba ilibaki, kuanzia siku ya barua ya kudai. Dhamana ilibaki. Faida ya kazi ambayo hakuifanya ilibaki kwa kipande alichonyang'anywa tu, kwa sababu alikubali kuufuta mstari wa kurudishiwa kazi. Alichagua, kama kifungu cha 82 kinavyotaka. Kisha tukafika kwenye aibu. Alitaka dola kwa ajili yake, na nyingi. Nikamwuliza aibu hiyo inamuumiza wapi. Akafikiri, akasema inamuumiza kila anapokwenda kuomba kazi nyingine, maana wanamwuliza cheti cha kazi aliyoikamilisha vizuri, naye hana. Basi tukaandika kwamba komini impe cheti cha kipande alichokijenga, chenye vipimo, na ifute kwa maandishi barua iliyomwita mzembe. Franka hazingeliponya jeraha hilo. Karatasi hiyo italiponya, na haimgharimu mama wa kwanga kitu.

Nikaongeza mstari mmoja ambao hakuuomba: kwamba kitakacholipwa kwanza kianzie kwa mafundi na wabeba mawe ambao mshahara wao ulilala. Hapo alinikazia macho. Wao si wenye mkataba na komini, alisema, ni watu wangu, nitawalipa mwenyewe. Nikamwambia, Papa, komini nayo ilisema itakulipa yenyewe. Aliukubali mstari huo, kwa shingo upande, na ninafikiri ndio uliokuwa mgumu kwake kuliko yote tuliyoyafuta.

Madai hayo yakawa barua ya kwanza, kwa komini. Barua ya pili, kwa Mahakama ya Hesabu, niliiandika kando. Aliisoma polepole, akauliza faini ikitolewa itakwenda kwa nani. Nikamwambia kwa hazina ya serikali, kwake haiji. Halikumsumbua hilo. Kilichomsumbua ni jina la afisa lililoandikwa pale. Alisema ataitia sahihi ya kwanza. Ya pili hapana, kwa sababu bado anataka kazi katika mji huu na ana watu wa kulisha. Sikumshurutisha. Anayesema mdhulumiwa awe pia shujaa ajaribu kwanza kuishi kwa kazi za komini. Barua ya pili haihitaji sahihi ya aliyedhulumiwa kwa sababu haidai chake. Inadai cha mji. Nilipafuta mahali palipoandikwa jina lake, nikaweka langu na anwani ya ofisi yangu ya Makiso, nikaambatisha nakala za zile barua tatu, nikaituma Kinshasa.